Bahari ya Sebuleni: Sufuria ya Mawe

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni, mama mkwe akishusha begi lake na kuuliza, "Kile kisima mwanangu alichochimba ndani ya nyumba kiko wapi?"

Kwa mliokosa huko nyuma, niseme kwa ufupi. Mume wangu, Baba Kidoti, anautaka umeneja kama mgonjwa anavyotaka maji. Bosi wake ana tangi kubwa la samaki nyumbani kwake, lenye mawe ya baharini na matumbawe ya kweli, na humpenda mtu anayependa anachokipenda yeye. Basi mume wangu akaamua na sisi tuwe na bahari sebuleni.

Tangi lilipofika halikuenea. Ukabomolewa ukuta wa chumba cha mtoto ili liingie. Mimi na Kidoti, binti yetu wa miaka mitatu, tukahamishiwa stoo ya jikoni, kati ya gunia la mkaa na ndoo za chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Chumbani kwake mume wangu hakumtaka mtoto, na mimi sikutaka kumwacha mtoto peke yake.

"Samaki wanahitaji nafasi," aliniambia. "Nyinyi mnahitaji nini? Godoro."

Sasa tuendelee.

Mama mkwe alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. Pampu zilikuwa zinakoroma. Maji yamejaa mpaka juu, mawe yamepangwa kama kichuguu, na kila kitu humo ndani kimevaa utando wa kahawia. Kioo, mchanga, mawe, vyote. Samaki hata wa dawa hayupo.

"Samaki wako wapi?"

"Bado, mama," nikamjibu. "Fundi amesema tangi likomae kwanza."

"Likomae? Kwani ni ndizi?"

"Kuna vijidudu vinaota kwenye mawe, ndivyo vitakavyosafisha maji. Huo utando unakuja, halafu unaondoka wenyewe. Mawe yako hai, mama. Tukiharakisha, samaki watakufa."

"Mawe yako hai." Alinitazama kuanzia unyayo mpaka utosi, kisha akamgeukia mwanawe. "Baba, mkeo ameanza kuumwa lini?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Ni masomo ya jioni hayo, mama. Anasomea ualimu wa chekechea. Siku hizi kila kitu kwake kina uhai, kina hisia, kiimbiwe wimbo."

Nilicheka na mimi. Mwanamke anayechekwa ndani ya nyumba yake hujifunza kucheka mapema, yasije yakamkuta mazito zaidi.

Niseme ukweli kuhusu fundi wa tangi, maana ana mkono wake katika yaliyotufika. Ni mtu wa manukato makali na miwani ya jua isiyovuliwa hata chumbani. Siku alipopanga yale mawe alituambia, "Msiguse kitu. Hata kidole msitie." Nikamuuliza kwa nini. Akanikonyeza. "Dada, nikikwambia kila kitu, utaniita tena kwa lipi?"

Akaondoka na siri yake mfukoni.

Tatizo ni kwamba bosi alikuwa amealikwa Jumamosi. Mume wangu alishajisifu kazini kwamba bahari yake imekomaa zamani, samaki wamezoea, mmoja anakula mkononi. Kumbe humo ndani hakukuwa na wa kula mkononi wala wa kula mguuni.

"Samaki utawaleta Ijumaa jioni," alimwambia fundi kwenye simu.

Fundi akasema watakufa.

"Lini?"

"Siku moja, mbili."

"Wakifa Jumapili hakuna neno. Mradi Jumamosi waogelee."

Kidoti alikuwa amekaa miguuni pangu. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, Jumapili samaki watakufa?" Nikamwambia baba anatania. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wiki ile, mdogo, wa kumfunika mtoto. Sikujua uongo nao una watoto.

Ijumaa asubuhi mume wangu alivaa shati la kazini, akambusu mama yake kwenye paji la uso.

"Mama, nyumba iko mikononi mwako. Kesho bosi akiingia asinuse hata shombo. Na ule utando sitaki kuuona."

"Nenda, baba. Utarudi utajiona kwenye hicho kioo."

Sasa mjue mama mkwe ni mtu wa namna gani. Kabla ya kustaafu alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na kwake dunia nzima ni bweni. Shuka likitiliwa shaka, lichemshwe. Chupa ya maziwa, ichemshwe. Mwaka ambao wasichana wake waliota upele, alichemsha hata viatu. Anasimulia kwa fahari: upele ulikwisha. Viatu vilikwisha pia, lakini hilo hasimulii.

Aliingiza pua yake juu ya tangi, akanusa, akaitoa.

"Leta lile sufuria kubwa."

"La nini, mama?"

"La kupikia harusi yako ya pili. La nini! Haya mawe yanatoka, yanachemshwa, yanasuguliwa, yanarudi. Mpaka mchana kazi imekwisha."

"Mama, fundi alisema tusiguse hata kwa kidole."

"Fundi anayevaa miwani ndani? Mimi nimelea mabinti mia tatu, hakuna aliyenifia kwa uchafu."

"Lakini mama, tukiyachemsha yatakufa, na tangi litaanza upya. Baba Kidoti atakasirika."

"Masomo ya jioni yanawafundisha kubishana na wakubwa, eti? Hebu mpigie mumeo. Mpigie! Tusikie atamkasirikia nani."

Nikapiga. Nilifurahi kupiga, nikidhani ananisaidia. Mume wangu akapokea kwa sauti ya mtu aliye mbele za watu. Kabla sijamaliza salamu, mama mkwe akaninyang'anya simu, akaiweka sauti ya juu.

"Baba, huyu mkeo ananizuia kusafisha. Nataka kuyachemsha hayo mawe yako, yeye anasema yatalia."

"Mama Kidoti," sauti ikasema, "mama akisema chemsha, chemsha."

"Baba Kidoti, fundi alisema..."

"Fundi wangu. Mama yangu. Mawe yangu. Wewe una nini humo ndani?"

Watu waliokuwa karibu naye wakacheka. Nilisikia vicheko vyao. Simu ikakatika.

Nilikuwa na nini humo ndani? Nilikuwa na mmoja tu, na muda huo alikuwa amelala stoo, kakumbatia mto wangu, mdomo wazi.

Nikaiweka simu juu ya friji. Nikaleta sufuria.

Nikawa natoa mawe sebuleni kwa beseni na kuyapeleka jikoni, moja moja, maana ni mazito na yana ncha. Juu ya baadhi yake kulikuwa na matumbawe laini, madogo kama vifungo vya shati, ya kijani yenye kitovu cha rangi ya chungwa. Ndiyo yaliyokuwa mazuri pekee katika bahari yetu. Taa ya buluu ikiwaka yalichanua. Nilipoyainua kutoka majini, yalijikunja yote kwa pamoja.

"Samahani," nililiambia jiwe.

Mama mkwe akasikia. "Sasa unaongea nayo. Kesho utayanyonyesha."

Maji yalichemka. Yeye ndiye aliyesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, akikoroga mawe kama mpishi wa bweni anavyokoroga uji. Mvuke ukapanda. Ulikuwa na harufu ambayo sijawahi kuinusa tena na sitaki. Si samaki, si uozo. Kitu kati ya hivyo viwili.

"Funga dirisha," akaniamuru.

"Mama, tutakosa hewa."

"Jirani akinusa hii atasema tunapika maiti. Funga, na mlango wa nyuma pia. Nisikilize mara moja tu maishani mwako."

"Kidoti amelala hapo stoo, mama. Haina dirisha. Hewa yake yote inatoka humu jikoni."

"Watoto wangu wote wamekulia kwenye moshi. Ona mmoja alivyo leo, anangoja umeneja. Wako kaumbwa kwa karatasi?"

Nilifunga dirisha.

Someni tena hapo, maana sitapaandika mara mbili. Mkono uliofunga ule ubao wa dirisha ulikuwa wangu. Niliufunga kwa sababu niliambiwa niufunge, na kwa sababu nilichoka kuwa mjinga wa nyumba ile.

Nikarudi sebuleni kuchukua jiwe jingine. Niliporudi jikoni, mdomo ulikuwa na ladha ya ajabu, kama nimelamba sarafu.

"Mama, unasikia ladha mdomoni?"

"Nasikia. Kutu ya sufuria lako hilo. Mwanamke hata kusugua sufuria hujui." Akatema mate kwenye karo, akaendelea kukoroga.

Nikaenda tena sebuleni. Jiwe la chini lilikuwa limekwama, nikahangaika nalo. Nilikuwa bado nimeinama, mikono imezama mpaka kwenye makwapa, niliposikia kikohozi.

Si cha mama mkwe.

Nilikimbia jikoni maji yakinichuruzika. Jikoni kulikuwa kweupe kwa mvuke. Nikausukuma mlango wa stoo. Kidoti alikuwa amekaa kwenye godoro, mikono kifuani, anatafuta pumzi kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mwili unawaka moto, huku meno yanagongana kwa baridi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama," akasema. "Kifua kinauma."

Nikambeba. Sikuvaa viatu.

"Unampeleka wapi?" mama mkwe akaniuliza.

"Hospitali!"

"Kwa mafua?" Lakini alipouona uso wa mtoto aliuachia mwiko. Akazima jiko. Akachukua mtandio wake. "Nakuja. Usije ukaenda kusema ujinga huko."

Gari la kwanza lililopita nililisimamisha katikati ya barabara. Dereva alinitukana, kisha akamwona mtoto, akafungua mlango.

Hospitalini walitupokea haraka. Nesi alimweka Kidoti kitandani, akamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha hewa, mpira wake ukielekea kwenye mashine iliyokuwa ikivuma pembeni. Kifua cha mwanangu kilianza kupanda na kushuka. Polepole. Kwa shida. Lakini kilipanda.

Daktari, mwanamke wa rika langu hivi, akamsikiliza mgongo, kisha akanigeukia.

"Amevuta nini?"

"Mvuke, dokta. Tulikuwa tunachemsha..."

"Maji ya kuoga," mama mkwe akadakia.

"Mawe," nikasema.

Nesi akaacha alichokuwa akikifanya. Akanisogelea, sauti imelainika. "Dada, kama nyumbani hakuna chakula, sema tu. Si wa kwanza wewe. Wapo wanaochemsha mawe ili watoto wadhani kuna kitu jikoni."

"Chakula kimejaa!" mama mkwe akafoka. "Kisichojaa ni kichwa cha huyu."

Daktari akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi. "Mawe gani, mama?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa, Baba Kidoti akaingia, tai imemwendea begani. Nilisimama. Nilitaka anikumbatie, sitaona haya kusema. Mtu akizama hushika hata mkono uliomsukuma.

Alitazama kitanda. Akanitazama.

"Jirani kaniambia mmekimbia. Nimepitia nyumbani. Yale mawe ya kijani yako wapi?"

"Mwanao yuko hapo," nikamwambia.

"Namwona. Nimekuuliza mawe."

"Yako kwenye sufuria."

Akashika kichwa, kama si yeye aliyesema chemsha. Akatoa simu, akampigia fundi pale pale, sauti ya juu, anazunguka chumba. Wote tukasikia.

"Fundi, wamechemsha mawe. Yanaokoka au hayaokoki?"

Upande wa pili fundi akapiga kelele, manukato yote yamemtoka.

"Wamechemsha? Yenye vile vifungo? Bosi, toeni watu humo ndani! Vina sumu vile! Ukivichemsha sumu inapanda na mvuke. Watu wamelazwa mahututi kwa hicho kitu! Nani aliyechemsha?"

Daktari akainyakua simu. Akamwuliza maswali mawili matatu kwa haraka, akaikata.

"Nani mwingine alikuwa jikoni?" akatuuliza. "Nataka kila aliyevuta ule mvuke. Dalili zinaweza kuchelewa."

"Mimi nilikuwa naingia na kutoka," nikasema. "Aliyesimama juu ya sufuria ni mama."

"Mimi?" Mama mkwe akashika kifua. "Mimi nilikuwa sebuleni. Tangu asubuhi niko sebuleni. Nimemkataza huyu mpaka koo likakauka. Akajifungia jikoni na mtoto, madirisha kafunga yote."

"Mama! Si wewe uliyesema nifunge? Baba Kidoti, si nilikupigia? Si ulisikia mwenyewe, mama akisema anataka kuyachemsha?"

Nikamwona anafikiri. Ninamjua mume wangu anapofikiri, nyusi ya kushoto hupanda. Ilipanda. Akamtazama daktari, kisha mtoto, kisha mama yake. Halafu ikashuka.

"Hukunipigia," akasema.

"Simu yangu iko juu ya friji! Nenda uitazame!"

"Nilikuwa kwenye kikao tangu asubuhi. Hukunipigia, Mama Kidoti."

Mama mkwe akanitazama. Si kwa hasira. Kwa ule utulivu wa mtu aliyekuta kiti chake hakijakaliwa.

"Nisikilize vizuri," mume wangu akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, ile anayotumia wageni wakiwapo. "Mtoto akitoka kitandani hapo, anakwenda na mama. Nyumbani kwa mama. Wewe na masomo yako ya jioni tafuteni pa kulala. Siwezi kukaa na mtu aliyemfukizia mwanangu sumu."

"Baba Kidoti, nakuomba..."

"Na nikikuona unamkaribia, nitasema ulikusudia. Kati yangu na wewe, nani ataaminiwa?"

Daktari akasema, "Hayo nendeni mkayamalizie nje, kuna mgonjwa hapa." Lakini hakuna aliyetoka. Nilishika mguu wa Kidoti chini ya shuka. Ulikuwa na joto. Nilijiambia: mradi anapumua. Mengine Mungu atafungua njia. Nitamaliza masomo, nitapata kazi, nitamfuata popote watakapomficha. Ndivyo nilivyo mimi, hata nikiwa shimoni nahesabu ngazi.

Mama mkwe akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa kitanda, karibu na kichwa cha mjukuu wake, kama anayeanza kumiliki.

"Kidoti wangu," akasema. "Utakuja kulala na Bibi. Bibi ana kitanda, hana stoo."

Kisha akafunika mdomo kwa mtandio.

Nilidhani analia. Mabega yalitikisika. Yakatulia. Yakatikisika tena. Ndipo nikaelewa: mama mkwe alikuwa anakohoa, na alikuwa anakimeza kile kikohozi, kila kikipanda anakirudisha chini, jasho linamtiririka kwenye panja. Kikitoka kikohozi kimoja tu cha wazi, ule uongo wake wa sebuleni ungeporomoka wote.

Macho yetu yakakutana juu ya mtoto. Akajua nimejua.

Alishindana nacho, msimwone hivihivi. Miaka yote ya bweni ilimsimamia. Lakini sumu haina adabu kwa matroni. Mara mtandio ukamdondoka, kikatoka kikohozi kirefu kisicho na mwisho, akaanguka kutoka kwenye kiti, nusu mwili juu ya kitanda cha Kidoti, nusu chini.

"Mama!" Mume wangu alipiga yowe ambalo hakulipiga kwa ajili ya mwanawe.

Nesi na daktari wakamwinua, wakamlaza kwenye kitanda cha pembeni, kilichogusana na cha Kidoti. Daktari akasikiliza kifua. Akapima hiki na kile. Uso wake ukakaza.

"Ana historia ya moyo?"

"Ana presha," mume wangu akasema. "Msaidieni, msaidieni mama yangu!"

"Leta mashine nyingine," daktari akamwambia nesi.

"Dokta, nyingine iko chumba cha upasuaji. Iliyobaki ndiyo hii." Nesi akaigusa ya Kidoti.

Daktari akavuta pumzi. Akatugeukia, na sikumsikia akipandisha sauti, ingawa ingemfaa.

"Nisikilizeni. Huyu mama kasema alikuwa sebuleni. Kama ni kweli, huu ni moyo, namtibu moyo sasa hivi, na mtoto anabaki na mashine yake. Kama alivuta ule mvuke, matibabu ni mengine, na anahitaji hewa kama mtoto anavyohitaji. Itabidi wagawane. Mtoto atayumba, sitawadanganya. Nikikosea, nitamwumiza mtu. Alikuwa jikoni au hakuwa?"

"Baba," daktari akamwambia mume wangu. "Unajua lolote?"

Alijua. Aliisikia sauti ya mama yake masikioni mwake, asubuhi ile ile, akisema yeye ndiye anataka kuyachemsha. Neno moja tu lingemwokoa mama yake. Lakini neno hilo lingetoka na la pili nyuma yake, kwamba nilimpigia.

Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Mimi nilikuwa kazini," akasema.

Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ulisema alisimama juu ya sufuria. Ni kweli?"

Mkono ukanishika. Ulikuwa wa mama mkwe, umelowa jasho, umenishika kama kucha za kuku. Sauti haikutoka, lakini midomo niliisoma. *Mwanangu.* Tangu niolewe ameniita we mwanamke, ameniita mwalimu, ameniita mke wa mwanangu. Siku hiyo ndipo aliponiita mwanangu. *Mwanangu, waambie.*

Nikamtazama Kidoti. Macho wazi, yananitazama juu ya kifuniko. Kifua kinapanda. Kinashuka. Rangi ilikuwa inaanza kurudi midomoni, kidogo, kama taa inayowashwa chumba cha mbali.

Wasomaji wangu, mmeniandikia mkisema mimi ni mpole mno, kwamba moyo wangu utaniua. Leo mnijue vizuri.

"Mama alikuwa sebuleni, dokta," nikasema. "Tangu asubuhi."

Nilitumia maneno yake mwenyewe, sikuongeza hata moja.

Mkono wa mama mkwe ukaniachia, kidole kimoja kimoja.

"Basi ni moyo," daktari akasema, na tayari alikuwa ameshageuka, anakimbilia dawa, nesi nyuma yake. Mume wangu hakuinua uso. Alijua nimedanganya, na mimi nilijua anajua, na kati yetu hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumshitaki mwenzake. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza sisi wawili kukubaliana tangu tangi liingie nyumbani.

Mama mkwe alikuwa anafungua na kufunga mdomo bila sauti.

Hapo ndipo Kidoti alipojigeuza. Nilidhani anatafuta mkono wangu. Kumbe alikuwa anamtazama bibi yake, aliyelala jirani naye, uso kwa uso. Alimtazama kama anavyowatazama watoto wenzake wakilia.

Akapandisha mkono. Akakishika kile kifuniko kwa vidole vyake vitano, akakivuta kutoka usoni pake, akakinyoosha ng'ambo ya pili ya kitanda.

"Chukua, Bibi," akasema. "Kinapoza."

"Kidoti, hapana!"

Niliruka. Lakini kuna mkono uliowahi kabla yangu, mkono mkavu wa matroni, ukakipokea kifuniko kutoka kwa mjukuu wake, ukakibana usoni kwa nguvu zote, na nilipokivuta, haukukiachia.